Juisi ya Shangazi Margareth

Kwa miaka mingi shangazi yangu Margareth hakutaka neno pombe litajwe nyumbani kwake. Ungeweza kumkuta ameinama juu ya pipa, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, harufu ya chachu imetoka hadi kwa majirani, na bado ukimuuliza anafanya nini angekujibu kwamba anashughulika na mambo ya nyuma. Nyuma ni bandani, nyuma ya nyumba yao ya Visiga. Wafanyakazi walisema "mzigo". Wateja walisema shampeni. Yeye mwenyewe alisema juisi, na mwanzoni ilikuwa juisi kweli.

Alizaliwa Muleba, akakua akimwona baba yake akikamua ndizi za rubisi, pombe ya kwao, kwenye mtumbwi wa mti. Alipoolewa alimfuata mumewe Kibaha. Anko Evodius alikuwa karani wa halmashauri, mtu wa suruali yenye mkunjo mmoja ulionyooka, na mshahara wake ulifika mwisho wa mwezi ukiwa umechoka. Shangazi akaanza kupeleka juisi ya nanasi maofisini. Ndoo ya juisi, ndoo ya barafu, vikombe vya plastiki. Watumishi walimpenda kwa sababu hakuongeza maji.

Mananasi aliyanunua Mlandizi, tena kwa bei iliyomuumiza, mpaka dereva mmoja wa pikapu alipomwambia apite njia ya Mzenga aende mpaka Maneromango, Kisarawe, akayafuate shambani. Huko ndiko alikompata Bi Mwanne.

Bi Mwanne ni binti wa mzee Pazi, na shamba lile ni la ukoo wao tangu zamani: mananasi upande wa bondeni, mihogo katikati, mikorosho juu. Siku walipokutana, lori la mnunuzi kutoka Dar lilikuwa halijaja kwa siku kadhaa na mananasi yalikuwa yanaiva mpaka yanapasuka. Bi Mwanne alikuwa amekaa juu ya gunia, ameyakasirikia kama vile yeye ndiye aliyeyaagiza yaive.

"Shikamoo dada," shangazi alimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kunipa pole?"

"Kununua. Natokea Kibaha, natengeneza juisi."

"Kwa usemaji huo wewe si wa Kibaha. Mhaya?"

"Mhaya, dada."

"Lo! Basi nikutajie bei ya Kizungu, si ndiyo ndugu zenu hao?" Halafu alicheka, akainuka, akajifunga kanga kiunoni. "Chukua yote, mwanangu. Usiku wa leo yatakuwa ya nguruwe pori."

Ndivyo ilivyoanza. Bi Mwanne alimzidi shangazi miaka michache tu, lakini alimwita mwanangu siku alipotaka kumtania na Mama Brighton siku alipokuwa na jambo. Bibi yetu alipofariki akiwa kwa shangazi pale Visiga, lilikuja gari kutoka Maneromango limejaa wanawake na mihogo. Walipika kuanzia wageni wa kwanza walipofika mpaka matanga yalipoanuliwa, na Bi Mwanne hakukubali shangazi ashike hata mwiko. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka amesimama kwenye moshi akimfokea Anko kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

Juisi ilikoma kuwa juisi katika Pasaka moja. Walikwenda Bukoba kwenye ubatizo, wakasahau ndoo mbili zilizofunikwa. Waliporudi walikuta povu limeinua kifuniko. Shangazi alitaka kumwaga. Anko alichota kwa kikombe, akaonja, akaonja tena.

"Magi," alisema, "baba yako angekuwa hai angekukumbatia."

Walianza kwa kunywa wenyewe, kisha wakapeleka kwenye sherehe ya jumuiya yao ya kanisani, kisha mtu wa jumuiya akataka galoni kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Shangazi akatafuta hamira nzuri kutoka kwa watu wanaosindika zabibu Dodoma, akajifunza kuchuja, akajifunza kungoja. Lakini fedha hasa ilikuja alipogundua mapovu.

Huku kwetu harusi haijawa harusi mpaka shampeni ifunguliwe. Muziki unabadilishwa, emsii anamwita mfunguaji, na huyo anaingia akicheza na chupa, anaitikisa juu ya kichwa, anaitikisa chini ya goti, anawatisha akina mama wa meza ya mbele kwamba kizibo kitawapiga, mpaka ukumbi mzima unaanza kuhesabu, na ndipo inapolia paa! Kamati za harusi ambazo hazikuweza kununua ya kutoka ng'ambo zilinunua soda ya zabibu yenye kizibo. Shangazi akawaza kwamba nanasi lake lingeweza kulia vilevile.

Aliwalipa wasafishaji wa kumbi wamwekee chupa nene zilizotumika. Tuliziosha kwenye beseni, na kila mtoto aliyekuja likizo kwa shangazi alijua kukwangua lebo kwa kisu. Ndani ya chupa ilitiwa mvinyo uliokwisha kuiva, sukari kidogo, hamira kidogo, ikafungwa kwa kizibo na waya, na mapovu yakajitengeneza humo humo gizani. Inahitaji kipimo. Sukari ikipungua, chupa inakuwa baridi na bubu. Ikizidi, inapasuka.

Mara ya kwanza alipunguza. Ilikuwa harusi Mkuza, na shangazi mwenyewe alialikwa. Mfunguaji alicheza kwa ufundi, akatikisa, watu wakahesabu, na kizibo kikatoka kwa sauti ya mtu anayekohoa kwa adabu kanisani. Emsii akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, mpeni pole, shampeni ina mafua!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Bwana harusi hakucheka. Shangazi aliinamia sahani yake ya pilau na hakuinua kichwa mpaka zawadi zilipoanza kutolewa.

Tangu siku hiyo kulia kwa chupa kulikuwa kwake jambo la heshima. Mwanawe Brighton, aliyekuwa amemaliza chuo cha biashara, alipojiunga naye, aliongeza sukari. Chupa zikaanza kulia mpaka watoto wanajificha chini ya meza. Oda zikaja za sendofu, za kumeremeta, za mahafali. Banda la mabati likawa la matofali, likapata friza ya kugandishia shingo za chupa ili machicha yatoke, likapata mashine ya kufungia vizibo, likapata alama ya ubora. Na kwa sababu ya ile sukari, mara mojamoja chupa ilipasuka yenyewe kwenye rafu. Wafanyakazi waliingia wamevaa helmeti za bodaboda. Mchana madirisha yaliachwa wazi na sakafu ilinyunyiziwa maji ili banda lisipate joto, na hiyo ilikuwa kazi isiyosahaulika hata Krismasi.

Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye banda lile. Nilikuwa nakaa kwao nikisoma Dar, ndiyo maana haya mengine niliyaona kwa macho.

Katika miaka yote hiyo pikapu iliendelea kwenda Maneromango, na kila ilipopakia Bi Mwanne aliuliza, "Juisi inaendeleaje?"

"Inaendelea, dada," shangazi alijibu.

Hilo ndilo jibu lililomla. Ameniambia kwamba mara ya kwanza hakuona kama ni uongo, kwa kuwa juisi kidogo alikuwa bado anauza. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Baadaye juisi iliisha kabisa, na kumwambia wakati huo kungekuwa pia kumwambia kwamba alimdanganya msimu uliopita. Alijua vizuri kwamba Bi Mwanne asingeuza hata nanasi moja kwa mtu wa pombe. Palikuwa na bwana mmoja aliyekuja kutaka mabibo ya mikorosho yake ya kupikia gongo, na Bi Mwanne alimfukuza kwa fagio mpaka barabarani. Kijiji kizima bado kinaisimulia.

Halafu ikaja habari ya Hija. Bi Mwanne alikuwa ameanza kuweka akiba ya kwenda Makka, na hakuificha. "Korosho inasomesha wajukuu," alisema, "mihogo inatulisha. Nanasi ndilo linalonipeleka kwa Mola wangu. Wewe ndiye unayenipeleka, Mama Brighton, na thawabu yako ipo." Alimwambia hivyo mbele ya wapakiaji, akimshika mkono, na shangazi akatazama matairi ya gari.

Kila aliporudi kutoka Kisarawe baada ya hapo alikuwa mkali nyumbani bila sababu. Alifua vitu vilivyokuwa safi. Usingemtajia Bi Mwanne.

Mwaka jana, Bi Mwanne alipopata nafasi kwenye kikundi cha mahujaji, Brighton alileta lebo mpya. Walitaka kuingia hotelini, na hoteli hazitaki lebo yenye ua la kuchora tu. Zinataka hadithi. Brighton alikuwa ameshawahi kumpiga Bi Mwanne picha shambani, amebeba tenga la mananasi kichwani, kanga ya kijani, anacheka na jino lake la pembeni lililopotea. Alimwambia ni ya tangazo la juisi, na Bi Mwanne akaomba asubiri ajitande vizuri. Mchoraji wa Dar aliigeuza picha ikawa mchoro wa rangi, lakini mtu anayemjua angemjua.

"Brighton," shangazi alisema aliposhika lebo ya kwanza. "Huyu ni Bi Mwanne."

"Ni mchoro, mama. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi nikamtafute mwanamke mwingine, nichore upya, nilipe upya? Mama, yule haji hotelini."

Shangazi alizifunika lebo zote kwa kitambaa cha meza na kuziweka chini ya meza ya sebuleni, kama vile zingechoka zikaondoka zenyewe.

Katikati ya Aprili, Naila, binti wa Bi Mwanne, alipiga simu. Mama yake alikuwa anakaribia kusafiri na alikuwa anazunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya anayekwenda Hija: asiende na deni la neno baya wala kinyongo cha mtu. Kisarawe alikuwa amemaliza. Kesho angekuja Visiga.

Anko Evodius aliwapa wafanyakazi wote ruhusa. Asubuhi alifunga madirisha ya banda moja baada ya jingine, akaziba chini ya mlango kwa gunia ili harufu isitoke. Shangazi alichoma udi sebuleni. Nilimwona akipunga moshi kwa kanga, macho yamemwiva, na sikuweza kujua kama ni moshi.

Bi Mwanne alikuja na Naila, amevaa baibui jipya, amebeba tenga la mananasi aliyoyachagua mwenyewe. Hakutaka kukaa kwenye kochi. Alikaa mkekani, nasi sote tukashuka chini. Mimi nilileta maji, nikabaki karibu na mlango wa jikoni.

"Nyumba inanukia hii!" alisema. "Udi wa wapi? Nyie Wahaya hata kwenye udi mnataka kutushinda."

Watu walicheka. Anko alicheka kwa muda mrefu kuliko wengine.

Kisha Bi Mwanne alirekebisha mtandio, na sauti yake ikabadilika. "Mama Brighton, Baba Brighton, nimekuja kwenu. Safari yenyewe mnaijua, na mtu hajui kama atarudi. Tumeishi kama ndugu. Ndugu hawakosi kukwaruzana. Kama nimewahi kuwatolea neno likawaumiza, nisameheni. Kama nimewapunja, nihalalishieni." Alisita, akatabasamu kwa haya. "Na kupunja nimepunja. Ule mwaka wa mvua nyingi, nilipanga madogo chini na makubwa juu. Nilijua, na nikanyamaza. Limenikaa moyoni. Naomba radhi ya hilo."

Shangazi alifungua mdomo.

Hapo bandani kitu kikalia, paa!

Naila aliruka. Bi Mwanne alishika kifua. "Yarabi! Nini hicho?"

"Tairi," Anko alisema haraka. "Barabarani. Haya malori ya Morogoro Road, wanajaza upepo kupita kiasi."

"Pole yake dereva."

"Pole yake kabisa."

Walitega masikio, kama watu wanaosikiliza ajali. Jua la saa sita lilikuwa juu ya bati la banda, madirisha yamefungwa, sakafu haijaona maji tangu jana. Ililia ya pili. Halafu ya tatu na ya nne kwa pamoja, na vioo vikasikika vikimwagika kwenye saruji.

"Lori lina matairi mengi hilo," alisema Bi Mwanne.

Hakuna aliyecheka. Kutoka nyuma, juu ya udi wote ule, ilianza kuja harufu.

Anko alimtazama shangazi na kutikisa kichwa polepole, kumkataza. Shangazi alikuwa anatazama mkeka. Nadhani angeweza kusema maneno yanayosemwa, nimekusamehe nawe nisamehe, na wageni wangeondoka, na pengine yasingejulikana kamwe. Ameniambia alikuwa ameyatayarisha maneno hayo tangu usiku. Lakini mwanamke yule alikuwa amesafiri kutoka Maneromango kuja kuomba radhi ya mananasi madogo.

"Dada," alisema, "si tairi."

"Margareth," Anko alisema.

"Ni chupa. Ni chupa zangu. Dada, mimi sitengenezi juisi. Natengeneza mvinyo."

Bi Mwanne hakuelewa mara moja. Alimgeukia Naila kana kwamba angemtafsiria, na Naila aliinamisha uso.

"Mvinyo," alirudia. "Pombe?"

"Pombe, dada." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia shangazi akilitamka.

"Kwa mananasi yangu?"

"Kwa mananasi yako."

"Tangu lini?"

"Tangu Brighton yuko kidato cha pili."

Bi Mwanne alimtazama Brighton, aliyekuwa ameingia kwa kishindo kutoka nje aliposikia chupa, helmeti mkononi, mwanaume mzima mwenye ndevu. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama mtu anayepima kina cha kisima.

"Na mimi nilikuwa nakuuliza," alisema. Hakupandisha sauti. Nafikiri sote tulitaka apandishe. "Gari likipakia, nakuuliza. Mbele ya watu. Inaendeleaje?"

"Ulikuwa unaniuliza."

"Ungesema. Nisingekuuzia, kweli. Ungekwenda kwa Saburi, ungekwenda kwa Badru, wangekuuzia na maisha yangeendelea. Kila mtu na Mola wake. Lakini mimi ungeniacha nichague mwenyewe, Mama Brighton. Umenichagulia." Kisha akauliza, "Na ile picha?"

Brighton alisema, "Mama mkubwa, ile picha bado—"

"Sikukuuliza wewe."

Shangazi aliinua kitambaa cha meza na kutoa lebo moja. Angeweza kusema bado hazijatumika. Hakujitetea. Bi Mwanne aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama ile kanga ya kijani, lile tenga, lile pengo la jino. Hajui kusoma herufi zetu vizuri, lakini chupa ndogo iliyochorwa pembeni haikuhitaji kusomwa. Akaweka kidole gumba juu ya uso wake mwenyewe, akaufunika, na akakaa hivyo.

Shangazi alipiga magoti. "Dada, nisamehe."

"Nimekuja kuomba, sikuja kuombwa." Alijizoa kutoka mkekani, Naila akamshika kiwiko. "Niache nifike nyumbani kwanza."

Mlangoni alikumbuka tenga lake. Akarudi hatua moja, akalitazama, akamtazama shangazi. "Hayo mle," alisema. "Kwa mdomo."

Wakaondoka. Chupa moja ikalia tena. Anko akaenda kufungua madirisha.

Sheikh wa Maneromango, ambaye Bi Mwanne alimwendea jioni ileile, alimwambia kwamba asilolijua haliko juu yake, kwamba aliuza tunda halali kwa nia halali, na aende Hija kwa moyo mkunjufu. Naila alitupatia habari hiyo kwa simu, na shangazi akashusha pumzi nzito. Kisha Naila akasema, "Lakini mama amejiondoa."

"Amejiondoa wapi?"

"Kwenye safari, mama mdogo. Anasema sheikh ana elimu yake, na yeye ana moyo wake. Kila akiingia kuswali anasikia zile chupa. Zile pesa amewapa watu wanaochimba kisima cha kijiji, na amewaambia hataki kuombewa dua kwa hizo. Anasema atakwenda kwa korosho."

Korosho, ambayo inasomesha wajukuu. Shangazi alikaa na simu ikiwa imeshakatika sikioni.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kumlipia. Alilisema wakati wa chakula cha usiku, na Anko, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alimuuliza kwa upole, "Kwa pesa ipi?" Shangazi alitazama chumba chote, vigae, friji, mapazia, mimi na vitabu vyangu. Hapakuwa na kitu cha kumpa ambacho hakikutoka bandani.

Lebo alizichoma mwenyewe nyuma ya nyumba. Brighton alinuna mwezi mzima, kisha akaleta nyingine yenye nanasi peke yake. Hoteli moja imekubali. Biashara haikufa, na kwa shangazi nadhani hilo nalo ni sehemu ya aibu: inakwenda vizuri. Ananunua mananasi palepale Kisarawe kwa wakulima wengine, lakini sasa ana namna yake, nami nimekwenda naye nikamwona. Kabla ya bei, kabla hata ya kugusa tunda, anasema, "Shikamoo. Natengeneza pombe. Unaniuzia?" Anasema akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Wengine wanamjibu, "Mama, wewe nunua, unatuhubiria nini?" Mzee mmoja alirudisha mananasi kwenye tenga, moja moja, akamtakia safari njema. Wapakiaji wanaona haya kwa niaba yake.

Novemba iliyopita, msimu wa korosho ulipokuwa umekolea, alimwambia dereva asimamishe gari kwa Bi Mwanne. Nilidhani atapiga hodi. Hakupiga. Alipanda moja kwa moja juu kwenye mikorosho, ambako Bi Mwanne na Naila walikuwa wanaokota, akawaamkia, akajifunga kanga, akainama akaanza kuokota naye. Bi Mwanne aliitikia marahaba. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka.

Kazi yenyewe ni ya kuinama: unaokota bibo chini, unanyonga korosho, unatia kwenye ndoo, bibo unalitupa. Utomvu wa korosho unaunguza vidole, na shangazi hakuwa ameizoea kazi hiyo. Waliokota mstari mzima wa miti bila neno. Mabibo yalikuwa mengi mwaka huo, mekundu na ya njano, yamejaa maji, na shangazi, kwa mazoea ya nyumba yetu ya kutotupa tunda, alikuwa anayarundika vizuri pembeni badala ya kuyatupa.

Bi Mwanne aliliona rundo. Alisimama, mkono kiunoni.

"Hayo, Mama Brighton," alisema, "yaache hapohapo chini yaoze."

Naila aliuma midomo. Shangazi aliganda, bibo mkononi, hajui kama ametaniwa au amefukuzwa, na hata leo akinisimulia hajui. Damu ilimpanda usoni mpaka masikioni. Alilitawanya rundo kwa mguu, akainama, akaendelea na mti uliofuata. Ndoo ilipojaa aliimimina kwenye gunia la Bi Mwanne, akanawa kwa mchanga, akaaga.

"Haya," Bi Mwanne alijibu, bila kumtazama.

Kesho yake asubuhi shangazi alimwachia Brighton funguo za banda. Alivaa kanga kuukuu, akaenda stendi ya Mlandizi kungojea gari la Mzenga, la kwenda Maneromango.